Naomba ushauri: binti amepata chuo Marekani, nilipe au nisubiri?

Hamjambo wanajamvi. Niko Donholm, Nairobi. Binti yangu amepokelewa chuo kikuu Marekani, nacho kinataka malipo ya kwanza hata kabla ya mahojiano ya viza ubalozini mwao pale Gigiri. Fedha zenyewe ni mkopo wa Sacco.

Kinachoninyima usingizi ni jinsi wanafunzi wanavyotumiwa mataifa yakivutana. Mei 2025 Marekani ilitangaza itafuta viza za wanafunzi wa China. Juni, Trump akasema wataruhusiwa kusoma, katika makubaliano na China yaliyohusu pia madini adimu na ushuru. Mwaka 2018 Saudi Arabia iligombana na Kanada kuhusu wanaharakati waliokamatwa huko Saudia, ikawaamuru wanafunzi wake waondoke Kanada. Watoto wale walikuwa na kosa gani? Na ikiwa China yenye madini ilitikiswa hivyo, sisi tutaweka nini mezani?

Nafasi yake Chuo Kikuu cha Nairobi bado ipo, lakini moyo wake uko kule. Wenye watoto huko, je, chuo hukubali kuahirisha nafasi kwa mwaka mmoja? Viza ikikataliwa, malipo hurudishwa? Tafadhali nielezeni mliyoyapitia, siku ya mwisho ya kulipa inakaribia.