Nataka kuacha sigara kwa kupunguza kidogo kidogo: nimshirikishe nani, na nimwombe nini hasa?

Njia Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri wa dhati, hasa kutoka kwa walioacha sigara na wale walioishi na mtu aliyeacha.

Navuta karibu pakiti nzima kwa siku, na umri umeshavuka arobaini. Kukata mara moja kunanishinda. Nikikaa kutwa bila kuvuta nashikwa na arosto kali: kichwa kinagonga, nafoka kwa jambo dogo, usingizi unakata. Kwa hiyo nimeamua kupunguza. Tatizo ni kwamba nikifika kama nusu ya ninazovuta, nakwama hapo hapo. Sishuki tena, na ikitokea siku ngumu kazini idadi inapanda hadi ilikokuwa.

Inayonitesa zaidi ni ya asubuhi. Naamka, sijanawa uso, mkono umeshafika dirishani kilipo kiberiti. Hizo za mchana naweza kubishana nazo. Hiyo ya asubuhi naiwasha kabla akili haijakaa sawa.

Muda wote nimepambana kimya kimya. Safari hii nataka watu wangu wajue na wanishike mkono, ila sijui nianzie wapi. Mke wangu anachukia moshi, na naogopa nikimwambia atageuka mlinzi, kila nikirudi kutoka nje ananinusa, tuishie kugombana. Kazini, ninaovuta nao ndio marafiki zangu wa karibu. Watoto wamefikia umri wa kuelewa.

Je, kupunguza kunafanya kazi kweli? Na mtu nikishamwambia, nimwombe afanye nini hasa? Maana "nisaidie niache" naona halimpi mtu kazi ya kufanya.

Naomba kuwasilisha.

Mti Mkavu

Pole mkuu, na hongera kwa kuamua. Mimi niliacha kwa njia hiyo hiyo ya kupunguza, na hapo kwenye nusu ndipo wengi tunapokwama. Sababu iko mwilini. Nikotini ikishaingia kwenye damu, baada ya saa mbili hivi kiasi chake kinakuwa kimepungua nusu, na ubongo unaanza kudai. Ukipunguza idadi bila msaada mwingine, bila hata kujua unaanza kuvuta kila moja kwa nguvu zaidi: pumzi ndefu, moshi unaushikilia kifuani, unaimaliza hadi kwenye kichungi. Idadi imeshuka lakini nikotini iko pale pale. Tazama kipisi unachotupa siku hizi kina urefu gani, utaelewa ninachosema.

Kwanza kabisa weka tarehe ya mwisho. Usiseme "nitapunguza mpaka ziishe", maana hazitaisha. Wiki mbili hadi nne zinatosha, na hiyo tarehe iandike mahali ambapo mtu mwingine anaiona.

Halafu, badala ya kuhesabu sigara tu, funga sehemu zake. Anza na ile rahisi, labda ya kwenye gari au ya wakati wa kuongea na simu. Sehemu ukishaifunga usiifungue tena, hata siku ikiwa mbaya. Ya asubuhi usiifute kwanza, isogeze. Nawa, piga mswaki, vaa nguo, toka nje, ndipo uwashe. Kesho isogeze tena. Na kiberiti kiondoke dirishani leo hii usiku, ukiweke mahali ambapo ni lazima uvae viatu kukifuata. Ule mwendo mfupi tu unatosha akili kuamka.

Kisiki

Mkuu, kwa maoni yangu kupunguza ni kurefusha mateso. Mimi nilikata siku moja na sijarudi. Tupa pakiti, vumilia siku tatu za mwanzo, zikipita umepona nusu. Nakutakia kila la heri.

Muuguzi wa Zamu

Kisiki ana hoja, msimpuuze. Kuna utafiti ulifanyika Uingereza na matokeo yake yakatolewa mwaka 2016. Watu karibu 700 waligawanywa: nusu wakate siku moja, nusu wapunguze kwa wiki mbili kisha waache. Wote walipewa ushauri na dawa za nikotini, yaani zinazompa mtu nikotini kidogo bila moshi. Baada ya wiki nne, waliokata mara moja 49 kati ya kila 100 walikuwa hawavuti, na waliopunguza ni 39. Lakini tafiti nyingi zilipokuja kuunganishwa baadaye, tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili haikuonekana. Kwa hiyo anayesema kupunguza hakufai kabisa anakosea. Kunafaa, ila kwa masharti: kuwe na tarehe, kuwe na dawa, kuwe na watu.

Na tafadhali usije ukaridhika na "chache". Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Hizo chache ni ngazi ya kushukia, usijenge hapo.

Sasa dawa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Unashauri dawa ziende pamoja na ushauri wa ana kwa ana, wa simu au wa kikundi. Dawa zilizotajwa ni bidhaa za nikotini (vibandiko vya kwenye ngozi, jojo na kadhalika), vareniklini, bupropioni na sitisini. Tatu hizo za mwisho daktari akupime kwanza. Kibandiko kinatoa nikotini polepole mchana kutwa, jojo inazima kiu inapokushika ghafla, na vikitumika pamoja vinasaidia kuliko kimoja peke yake. Mtu kama wewe, anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, kwa kawaida hupewa jojo ya miligramu 4 badala ya 2.

Wengi hulalamika kuwa jojo haifanyi kazi kwa sababu wanaitafuna kama jojo ya kawaida. Tafuna taratibu mpaka usikie inawasha kama pilipili, kisha ibane kati ya shavu na fizi uiache. Ule muwasho ukiisha, tafuna tena kidogo, ibane upande mwingine. Nikotini inapita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate, utapata kwikwi na kiungulia tu. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake, zinaizuia isipenye.

Kahawa yenyewe pia uipunguze ukikaribia tarehe yako. Moshi wa sigara unalifanya ini liiondoe kafeini haraka. Ukiacha, vikombe vile vile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unakwenda mbio, usingizi unapotea, na mtu anadhani ni arosto. Vilevile, mwenye kutumia insulini, theofilini ya pumu, au dawa za akili kama klozapini, amjulishe daktari wake kabla ya kuacha, kwani kipimo kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

Mama Wawili

Kaka, mimi nilikuwa upande wa mkeo, kwa hiyo acha nizungumzie hilo la kunuswa.

Mume wangu alipoamua, alinikalisha chini akaniambia mambo matatu. Nisimuulize amevuta ngapi. Nisinuse mashati. Na akiniambia "imenishika", niache ninachofanya nikae naye mpaka ipite. La tatu ndilo lililotuokoa. Ile kiu haidumu sana, ni dakika chache tu kisha inalegea, hata usipovuta. Lakini akiwa peke yake zile dakika zilikuwa zinamshinda. Tulikuwa tunatoka tunazunguka nyumba, wakati mwingine hatusemi neno. Usiku wa manane pia aliniamsha, na nilikuwa nimeshamwambia nakubali kuamshwa.

Usimkabidhi mkeo pakiti akutunzie na kukugawia. Tulijaribu. Mtu mzima anasimama mlangoni anaomba sigara kama mtoto, na mimi nikimnyima naonekana adui. Pakiti ibaki kwako, kazi yake iwe kukusindikiza.

Umwandae pia kwa hasira zako. Siku mbili tatu za kwanza baada ya tarehe ndizo kali kuliko zote, kisha inaendelea kupungua kwa wiki mbili hadi nne. Mwambie mapema: "Nikifoka wiki hiyo, ni nikotini inatoka, nitakuomba radhi siku hiyo hiyo." Na uombe kweli. Watoto nao waambie tarehe, wanapenda kuhesabu, ila usiwape kazi ya kukupeleleza. Wakikukuta unavuta wataubeba wasiwasi ambao si wao.

Njia Ndefu

Nimesoma mara mbili. Mama Wawili, asante sana dada yangu, hilo la kusindikizwa badala ya kulindwa ndilo nililokuwa nalitafuta na sikuwa na maneno yake. Muuguzi, jojo nimewahi kuitumia na kwikwi zikanitesa, sasa najua kwa nini.

Limebaki la kazini. Tunatoka pamoja kila mapumziko, na mambo mengi ya kazi yanamalizwa pale pale kwenye moshi. Nikiacha kwenda, nitakuwa nimejitenga.

Bado Navuta

Mkuu, mimi ni mmoja wa hao wanaobaki nje, kwa hiyo nisikilize. Rafiki yetu alipoacha hakutuambia tusivute. Alituambia tusimpe. Alisema, "Hata nikiomba kwa kulia, hata nikisema ni moja tu, msinipe." Tukamwahidi. Siku moja aliomba kweli, alikuwa ametoka kugombezwa na bosi, macho mekundu. Yule aliyekuwa na pakiti aliirudisha mfukoni, akaizima na yake, wakaondoka kwenda kutembea. Mimi nilibaki pale nimeshika sigara yangu na nikaona haya kuimaliza.

Kwa hiyo chagua mmoja kati yao, yule mnayeaminiana zaidi, umwambie peke yake kabla ya kundi. Wiki za mwanzo usiende pale kabisa, harufu tu inatosha kukuangusha. Mwombe huyo mmoja achukue mapumziko yake nawe sehemu nyingine, hata mara moja kwa siku. Anayekupenda atakubali. Huenda hata naye anatafuta sababu. Mimi nimeanza kuifikiria kwa uzi huu.

Mgeni Humu

Samahani kwa kudandia uzi. Je, mtu akihamia shisha kwanza, ndipo aache zote? Naona moshi wake unapita kwenye maji.

Muuguzi wa Zamu

Hapana ndugu yangu. Maji yanaupoza moshi, hayausafishi. Nikotini inapita, monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu, inapita tena kwa wingi kwa sababu ya mkaa, na mtu anakaa nayo saa nzima. Hapo unakuwa umeongeza tumbaku.

Njia Ndefu, nimekumbuka la umri. Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 50, na matokeo yalitoka mwaka 2004: walioacha wakiwa na miaka 40 hivi walijiongezea takriban miaka 9 ya kuishi ukilinganisha na walioendelea kuvuta, walioacha wakiwa na 50 takriban 6, na wa 60 takriban 3. Hujachelewa hata kidogo. Ukiona kikohozi kinaongezeka wiki za mwanzo, au vidonda vidogo mdomoni, usishtuke ukadhani sigara ilikuwa inakulinda. Vinatokea kwa baadhi ya watu na vinapita. Ukikohoa damu, kifua kikibana au ukikosa pumzi, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Njia Ndefu

Wakuu, mrejesho. Nimeongea na mke wangu usiku, baada ya watoto kulala. Nilimsomea maneno ya Mama Wawili kama yalivyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza tarehe. Tumeichagua pamoja, wiki tatu kuanzia sasa, ameiandika kwa kalamu yake kwenye kalenda ya sebuleni. Kiberiti kimeshatoka dirishani. Sehemu ya kwanza ninayoifunga ni ya kwenye gari, na kesho naenda kumwona mfamasia kuhusu kibandiko na jojo. Rafiki yangu wa kazini nitamwambia Jumatatu.

Swali la mwisho: nikiteleza baada ya tarehe, nikavuta moja, naanza upya kuhesabu?

Mti Mkavu

Usianze upya. Mpigie mtu saa hiyo hiyo, kabla ya ile ya pili, maana ya pili ndiyo inayoleta pakiti. Mwambie ulikuwa wapi, na nani, ilikuwa saa ngapi, kisha hiyo sehemu muifunge. Kibandiko usikibandue kwa sababu umeteleza, endelea nacho. Na pakiti iliyobaki ilowanishe maji kabla ya kuitupa, usiiache nzima kwenye pipa.

Mama Wawili

Na namba ya utakayempigia iwekwe juu kabisa kwenye simu leo, kabla hujaihitaji. Mkeo akiwa safarini awepo wa pili. Utuletee habari za Jumatatu.