Tarehe za SPSS zinageuka mabilioni nikizifungua kwenye R

Mpimashamba:
Wakuu, habari za usiku. Nimekwama tangu saa nane mchana. Nina faili la data (.sav) la wakulima 412 wa Kilosa, wenzangu waliliingiza kwa SPSS, programu ya takwimu, mimi nalifungua kwenye R, programu nyingine ya takwimu, kwa amri ya read.spss ya pakeji (nyongeza ya R) iitwayo foreign. Mahojiano ya kwanza yalikuwa tarehe 1 Machi 2023, nilikuwepo mwenyewe na mvua ilitunyeshea. Safu ya tarehe inaniambia 13897008000! Halafu kwenye mapato tulitenga 98 ya "hajui" na 99 ya "amekataa". Zote zimekuwa NA, yaani data haipo. Pakeji hii mbovu. Barua pepe kali kwa wanaoitunza iko tayari, bado kubonyeza tu.

Kobe wa Pwani:
Unajitesa bure mkuu. Toa CSV, faili la maandishi matupu, ingiza R, kalale.

Bi Takwimu:
Kobe, ukitoa CSV lebo zinazoeleza maana ya namba zinabaki SPSS. Ukiipitisha Excel ndiyo kabisa: sifuri ya mwanzo ya namba za simu inaliwa, 0754 inakuwa 754. Mimi hilo lilinila wiki nzima.

Mpimashamba mdogo wangu, usibonyeze. SPSS huhesabu tarehe kwa sekunde tangu 14 Oktoba 1582, mwaka ambao Papa Gregori wa 13 alibadili kalenda. Roma walilala tarehe 4 wakaamka tarehe 15, kwa hiyo hiyo 14 kwao haikuwepo kabisa. R inaanzia 1 Januari 1970, Stata, programu nyingine ya takwimu, 1 Januari 1960. Gawa namba yako kwa 86400, sekunde za siku moja, utapata siku 160,845. Kisha:

as.Date(d$tarehe / 86400, origin = "1582-10-14")

Mfano wa tarehe za SPSS umo hata kwenye msaada wa as.POSIXct. Andika ?as.POSIXct, shuka hadi chini.

Za 98 na 99, kuna mtu wenu aliziwekea alama ya "missing" (data iliyokosekana) ndani ya SPSS, R ikatii. Tumia pakeji nyingine, haven: read_sav("wakulima.sav", user_na = TRUE). Hiyo inaziacha 98 na 99 zilivyo, na tarehe inazigeuza yenyewe.

Mpimashamba:
Dada, kumbe! Na ikiwa kweli ni hitilafu, naripoti vipi?

Bi Takwimu:
Kwanza sasisha. Mimi niliwahi kuandika kurasa mbili za malalamiko, nikajibiwa kwa mstari mmoja: toleo lako ni la zamani, hilo tulisharekebisha. Niliona aibu mpaka masikioni.

Ikibaki, tengeneza faili dogo la safu mbili na mistari mitano ya kubuni, hakikisha tatizo linatokea humo. Usitume la wakulima, lina majina na simu za watu waliokuamini. Andika ulichofanya, ulichotarajia, ulichopata, kisha bandika matokeo ya sessionInfo(), yanayoonyesha matoleo unayotumia. Neno "mbovu" liache nyumbani. Ukiandika maintainer("foreign") utaona wa kumwandikia. Haven wao wanapokea ripoti GitHub, tovuti ya wanaoandika programu.

Kobe wa Pwani:
Mimi bado CSV.

Mpimashamba:
Imetoka 2023-03-01. Waliokataa kutaja mapato ni 37, wasiojua 12. Barua nimeifuta. Nakwenda kula, ugali ulishapoa zamani.