Nimepewa picha ya zamani ya Familia Takatifu, naombeni ushauri

Binti_Uluguru: Habari za jioni wanajukwaa. Nipo München. Bibi mmoja anahama, kanipa picha ya karatasi: Bikira Maria na Elisabeti wameketi chini na watoto wao, Yosefu kasimama nyuma kaegemea fimbo. Chini kushoto pameandikwa "Raphael pinx.", kulia "auf Stein gez. von", halafu jina limeliwa na unyevu. Ina madoa ya kahawia. Nataka kumpelekea mama Morogoro. Niisafishe vipi? Na je, ni ya kweli au ni kopi?

Kijiweni: Raphael, yule mchoraji wa Italia, alikufa 1520, dada. Hiyo ni kopi, weka fremu ya plastiki yaishe.

FundiFremu: Kijiweni, punguza haraka. "Raphael pinx." maana yake aliyeipaka ni Raphael; maneno ya kulia maana yake "imechorwa juu ya jiwe na". Hiyo ni litografia, yaani picha iliyochapwa kwa jiwe, na teknolojia hiyo ilizaliwa hukohuko Bavaria, jimbo la München: mtu aitwaye Senefelder aliianza 1796. Mchoraji anachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa la Solnhofen, jiwe linalowekewa dawa, kisha linaloweshwa maji. Wino wa mafuta unashika palipochorwa tu, penye maji unakataa. Kwa hiyo ni kopi ya mchoro wa Raphael, sawa, lakini kuna mtu aliyeketi akauchora upya wote kwa mkono, tena kinyume, kushoto kuwa kulia, ili utoke sawa kwenye karatasi.

Chukua kioo cha kukuzia uangalie shavu la Maria. Ukiona chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopita juu ya ukuta wa chokaa, ni chapa ya jiwe. Ukiona nukta zimejipanga safu safu, ni ya mashine za baadaye.

Mama_Pili: Samahani mwanangu, huyo bibi unamhudumia kazini? Nyumba za wazee Ujerumani haziruhusu wahudumu kupokea zawadi za thamani. Usije ukaitwa mwizi kwa ajili ya karatasi.

Binti_Uluguru: Shikamoo mama. Hapana, ni jirani tu, na mwanawe alikuwepo. Nimeangalia kwa kioo: chembechembe, hakuna safu. Nyuma ya watu kuna rangi ya udongo hafifu, ila penye mwanga pamebaki peupe.

FundiFremu: Safi! Hayo ni mawe mawili, moja la mistari, jingine la rangi ya nyuma. Mafundi wa München kama Strixner na Piloty walipenda sana mtindo huo walipokuwa wakinakili picha zilizomilikiwa na mfalme wa Bavaria miaka ya 1810. Sisemi ni yao, jina limeliwa. Sasa tazama juu kwenye pembe. Kuna malaika?

Binti_Uluguru: Hakuna. Ni mawingu tu.

FundiFremu: Basi imekaa vizuri. Mchoro wenyewe uko Alte Pinakothek, jumba la makumbusho hapo München, nenda ukautazame, unaitwa Familia Takatifu ya Canigiani. Malaika wake walipakwa rangi wakafichwa karne ya 18, wakafunuliwa tena karne ya 20. Aliyenakili katikati ya hapo hakuwaona. Hilo halitoshi kukupa mwaka, lakini linakubaliana na chembechembe zako.

Kuhusu madoa: usiisugue kwa maji, mkate, wala jiki. Na usikate pembezoni hata kama pamechakaa, wanunuzi hupima hapo kwanza. Toa kadibodi ya nyuma kama imegeuka njano, ina asidi, ndiyo inayoila. Selotepu marufuku. Kusafisha ni kazi ya fundi wa karatasi.

Kijiweni: Nimekubali yaishe. Ila Morogoro kwa unyevu ule wa masika?

Mama_Pili: Iwe fremu yenye kioo, karatasi isigusane na kioo, na isitundikwe ukuta wa nje unaolowa mvua. Sebuleni ukuta wa kati, mbali na jua la dirishani.

Binti_Uluguru: Na kama ningetaka kuuza?

FundiFremu: Nakala za Raphael zilichapwa nyingi mno, usijenge nyumba kichwani. Ipeleke kwanza Staatliche Graphische Sammlung, hazina ya serikali ya michoro na chapa hapo München, wakusaidie kulinganisha na walizonazo. Bei waulize wapiga mnada wawili, si mmoja.