Tupeane uzoefu: Kaunta ya kunywea chai uliyojitengenezea mwenyewe jikoni

Wa Uyole:
Habari za jioni, wadau. Jiko letu ni mita tatu kwa mbili na nusu, meza haiingii, na baridi hii ya Julai hakuna anayetaka kubeba chai kwenda sebuleni wakati moto uko jikoni. Nikaamua kupachika kaunta nyembamba ukutani, chini ya dirisha. Urefu sentimita 120 za watu wawili, yaani 60 kwa kila mtu, viwiko visigongane.

Nilikosea kwenye mbao. Nilinunua paina mbili, za inchi moja kwa nane, zikiwa bado na maji. Ukiweka kiganja unasikia ubaridi. Nikapiga randa, nikaziunga kwa gundi, nikapaka vanishi wiki hiyohiyo. Haukupita mwezi kiungo kikaachia na mbao zikabinuka, kikombe cha uji ukikiweka katikati kinacheza. Nimeibandua yote. Safari hii mbao nimezilaza barazani kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, mawe juu yake. Huu ni mwezi wa pili tangu nizilaze.

Mliowahi kutengeneza, nielezeni kimo na namna mlivyoishikiza ukutani.

Fundi, Mafinga:
Pole sana, mkuu. Huku mbao za msitu wa Sao Hill zinapasuliwa asubuhi, mchana ziko kwenye lori. Kukausha ni kazi yako mnunuzi. Mimi hukata kipande kifupi cha ubao uleule, nakiweka pamoja na zile nyingine, kila Jumapili nakipima kwenye mzani wa jikoni. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari. Ukiziunga, tazama duara za umri wa mti kichwani mwa ubao, pale ulipokatwa: mmoja zielekee juu, mwingine chini, zisibinuke upande mmoja.

Na tafadhali, usichukue zile za dawa zenye rangi ya kijani eti zinadumu. Hizo ni za kenchi. Dawa yake mara nyingi ina aseniki, na hapo mtoto atadondosha kiazi akiokote ale. Hata vumbi lake ukipiga msasa si la kuvuta.

Mama wa Kihesa:
Mimi nililia na stuli. Kaunta nilipandisha sentimita 90, sawa na ya kupikia, halafu nikaagiza stuli mbili kwa fundi wa kuchomelea, zikaja na 75. Ukikaa, magoti yanakwama chini ya ubao. Kati ya kiti na kaunta inatakiwa nafasi ya 25 hadi 30. Nilizirudisha akazikata miguu zikabaki 63, sasa mtu anakaa vizuri. Kama una stuli za 75 tayari, pandisha kaunta ifike 100 au 105. Sasa hivi naandika hapa, mwanangu amekaa pale anamenya njegere na kunisimulia mambo ya shule. Zamani alikuwa anaishia chumbani.

Tukuyu:
Kwetu mvua haikauki, kwa hiyo ongezeni hili: vanishi ipakwe pande zote, hata chini na kwenye vichwa vya mbao. Mimi nilipaka juu tu, ukungu ukaanzia chini. Kushikiza, nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma. Nilitoboa kwenye kiungo cha udongo, fisha (vile vya plastiki vya kushikia skrubu) zikachomoka na plasta yake. Nikatafuta katikati ya tofali lenyewe, nikafunga vyuma vya pembe vitatu, na mbele nikaweka mguu mmoja wa mkaratusi. Haijatikisika tena.

Wa Uyole:
Ahsanteni sana, dada na kaka zangu. Nimemkalisha mke wangu kwenye stuli ya jirani, nimepima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, imekuja 91. Nimeshachora mstari wa penseli ukutani kwa pima maji. Fundi wa Mafinga, kile kipande nimekikata leo, kina gramu 640. Jumapili nitarudi na namba nyingine.