Kwa nini Waingereza wenyewe hawakielewi Kiingereza cha kale?

Mwalimu wa Jinja: Ndugu zangu, wanafunzi wameniuliza kwa nini Kiingereza cha miaka 1,000 iliyopita kinaonekana kama lugha ya kigeni hata kwa Waingereza. Ni nini kilichokibadilisha kiasi hicho?

Msomaji wa Mbale: Mwalimu, sababu kubwa ni uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kwani watawala waliosema Kifaransa waliingiza maneno mengi ya mahakama, serikali na mezani, ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni huitwa "cow", neno la wenyeji, lakini nyama yake ikifika sahanini huitwa "beef", neno lenye asili ya Kifaransa.

Mzee wa Arua: Sarufi nayo isisahauliwe. Nomino za kale zilikuwa na jinsia tatu na viambishi tamati vilivyoonyesha dhima ya neno katika sentensi. Vilipopukutika, mpangilio wa maneno ukachukua kazi hiyo. (Sisi tunaohangaika na ngeli tusiwacheke.) Hata "thou", kiwakilishi cha mtu mmoja, kilimezwa na "you", kilichokuwa cha wengi na cha heshima.

Mwalimu wa Jinja: Asante, Mzee. Hilo la heshima watalielewa upesi, maana katika Kiganda pia mkubwa husalimiwa kwa umbo la wingi.