Mjadala: Je, barua na shajara za wazee wetu zifunguliwe kwa watafiti?

Ndugu zangu, swali hili huzuka katika familia nyingi za hapa Nairobi mzee anapofariki na sanduku lake kufunguliwa: barua, madaftari ya hesabu na shajara alizoandika kwa mkono ziende wapi? Wako wanaosema zichomwe, kwa kuwa siri ya marehemu huzikwa naye. Wako wanaotaka zipelekwe zote kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, asome atakaye. Mimi nataka zisomwe, lakini si kiholela.

Anthropolojia ya kihistoria huuliza watu wa kawaida waliishije, waliozanaje na walidaiana nini. Majalada ya serikali ya kikoloni hayajibu vya kutosha, kwani karani aliandika yaliyomhusu mkuu wake: kodi, kipande (kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba), kesi. Tazameni barua ya Kiswahili ya mfanyakazi wa mjini kwenda kwao. Inaanza kwa "sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu mlio mbali", kisha inawataja wa kusalimiwa mmoja mmoja. Msomaji mwenye haraka huiruka mistari hiyo, ilhali ndiyo yenye utajiri: nani ametangulizwa, nani ameitwa baba ingawa ni ami, nani hakutajwa kabisa. Ni "ama baada ya salamu" ndipo huja karo, mahari, ng'ombe aliyeuzwa na fedha zilizotumwa kwa mkono wa fulani. Hata mwandiko ni ushahidi, maana wengi wasiojua kusoma waliandikiwa na mtu mwingine, nasi yatupasa kupima maneno yapi ni ya mama na yapi ni ya aliyeshika kalamu.

Wanaopinga wana hoja nzito. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mambo ya familia na ya mawasiliano, na barua humtaja hata jirani asiyeombwa ruhusa. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi wa Kikuyu aliyekamatwa mwaka 1952 na kuandika shajara kwa siri kizuizini, aliichapisha mwenyewe mwaka 1983, kwa hiyo hapo hapana ugomvi. Ugumu uko kwa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyefariki mwaka 1942, na shajara zake za New Guinea zikachapishwa kwa idhini ya mjane wake mwaka 1967. Ndani yake mlikuwa na maneno ya dharau juu ya watu wale wale ambao maisha yao yalimpatia umaarufu. Atakayesema marehemu alivunjiwa heshima nitamwelewa, ila naamini waliodharauliwa walikuwa na haki ya kujua, na tangu hapo wanaanthropolojia wamelazimika kumkagua mtafiti mwenyewe, si wanaotafitiwa tu.

Napendekeza barua zipigwe picha na hati zenyewe zibaki nyumbani, na majina ya waliotajwa kwa jambo la aibu yafichwe mpaka watoto wao waridhie. Zaidi ya yote, mtafiti asome akiwa ameketi na mtu mzima wa ukoo huo. Simwombi huyo awe mlinzi wa siri tu. Yeye ndiye anayejua jina lile la utani lilikuwa la nani, na kwa nini deni la mbuzi wawili lilirudiwa katika barua tatu.

Lakini ukoo ukigawanyika, dada mkubwa akakubali na mdogo wake akakataa, neno la nani lifuatwe? Hapo ndipo ninapoomba hoja zenu.