Rajasthan siku 14, Desemba: ngome, jangwa na chui milia. Ratiba hii inawezekana?

KiboriloniJuu
Habari za jioni wadau. Tunapanga safari ya Rajasthan, India. Tuko wanne kutoka Moshi, mmoja ni mama wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua. Tunaruka kutoka KIA kupitia Addis Ababa, tunafika Delhi asubuhi ya tarehe 8 Desemba na kuondoka tarehe 21. Ratiba tuliyoiandika: Delhi, Jaipur, Ranthambore, Chittorgarh, Udaipur, Kumbhalgarh, Jodhpur, Jaisalmer, Bikaner, kisha Delhi.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Je, inawezekana bila kumchosha mama? Tulale hoteli iliyo ndani ya ngome ya Jaisalmer au nje? Na kwa watu tuliozoea Serengeti na Tarangire, wanyama wa kule wana maana yoyote, au tubaki na ngome tu?

NjiaYaNjiro
Mkuu, vituo hivyo ni vingi mno kwa siku hizo. Rajasthan ina ukubwa wa kilomita za mraba 342,000 hivi, zaidi ya theluthi moja ya Tanzania. Jangwa liko magharibi, Ranthambore iko mashariki, Udaipur kusini. Ukitaka vyote utakula siku sita au saba barabarani.

Ondoa Chittorgarh, Udaipur na Kumbhalgarh. Inauma, maana ukuta wa Kumbhalgarh una urefu wa kilomita 36, lakini upande huo wa kusini unastahili safari yake peke yake. Halafu geuza mzunguko uanzie jangwani. Usiku wa tarehe 8 pandeni treni ya Delhi kwenda Bikaner, mlale humo. Bikaner tarehe 9 na 10, Phalodi tarehe 11, Jaisalmer tarehe 12 hadi 14, Jodhpur 15 na 16, Jaipur 17, Sawai Madhopur (ndio mji wa Ranthambore) 18 na 19, Delhi 20. Usiku huo wa mwisho wa Delhi usiukate hata kidogo. Kuanzia katikati ya Desemba ukungu hushuka kaskazini mwa India, treni zikachelewa masaa mengi na ndege vilevile. Anayepanga kushuka treni asubuhi na kuruka jioni ndiye anayeachwa.

Treni: nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, kwa hiyo ya tarehe 8 Desemba inafunguka tarehe 9 Oktoba. Chukueni daraja la 2A. Daraja la 3A lina kitanda cha kati, na kikikunjuliwa aliye chini hawezi tena kukaa wima, 2A halina. Mama mchagulieni kitanda cha chini. Tiketi ikiandikwa WL ni orodha ya kusubiri, na kama uliinunua mtandaoni na orodha ya mwisho ikatoka bila jina lako kupata nafasi, inafutwa yenyewe, huruhusiwi kupanda nayo. RAC ni nafuu: unapanda, ila mnaweza kugawana kitanda cha pembeni watu wawili wakiwa wamekaa. Msitegemee nafasi za dakika za mwisho zinazoitwa Tatkal, kwa sababu mtandaoni sasa zinataka Aadhaar, kitambulisho ambacho mgeni wa matembezi hana. Na akaunti ya kununulia tiketi ifunguliwe wiki kadhaa kabla. Uthibitisho wa namba ya simu ya nje ndio unaokwamisha wengi.

Jambo moja linalowaponza Waswahili hasa: saa zao ni za 24. Treni ya 00:30 tarehe 15 ni saa sita na nusu ya ule usiku ulioanza jioni ya tarehe 14. Ukienda stesheni usiku wa tarehe 15, umechelewa siku nzima.

Magoti ya mama: Junagarh ya Bikaner imejengwa tambarare, miaka ya 1589 hadi 1594, kwa hiyo hakuna mlima wa kupanda, ni ngazi za ndani tu. Mehrangarh ya Jodhpur, iliyoanzishwa na Rao Jodha mwaka 1459, iko juu ya mwamba wa zaidi ya mita 100, lakini ina lifti ya kulipia. Ulizeni getini kabla hamjaanza kupanda. Ngome ya Ranthambore ina ngazi nyingi za mawe. Hiyo mama aiache.

NyikaNaNdege
Nakubaliana na mzunguko huo, na nafurahi kuona Phalodi imeingia. Kwa swali la wanyama: ukienda kutafuta wingi utasikitika, ukienda kutafuta aina ambazo Afrika haina utarudi umeshiba.

Kilomita chache kutoka Phalodi kuna kijiji cha Khichan. Kila majira ya baridi korongo wadogo wa kijivu, wenyeji wanawaita kurja, hushuka hapo kwa maelfu kutoka nyanda za Asia ya Kati na Mongolia, na wanakijiji huwamwagia nafaka katika uwanja uliozungushiwa uzio. Wanakula alfajiri hadi katikati ya asubuhi, kisha wanahamia mabwawani. Ndiyo sababu lazima mlale Phalodi. Ukitoka Bikaner asubuhi hiyohiyo, ni kama kilomita 165, utakuta uwanja mtupu.

Kutoka Jaisalmer kuna Hifadhi ya Taifa ya Jangwa, kilomita za mraba 3,162. Humo anaishi tandawala wa India, ndugu wa tandawala mkubwa mnayemwona Ngorongoro. Wamebaki chini ya 150 porini. Hutaga yai moja tu kwa kawaida, na macho yake yako pembeni ya kichwa, mbele haoni vizuri, hivyo anagonga nyaya za umeme mkubwa akiwa anaruka na uzito wake ule. Kaeni ndani ya gari, msimwombe dereva aache njia. Hata msipomwona, swala aina ya chinkara, tai na mbweha wa jangwani wapo. Mgeni hahitaji kusogea zaidi kuelekea mpaka wa Pakistan. Huko kuna maeneo yanayotaka kibali maalumu.

Jodhpur tengeni nusu siku kwa vijiji vya Wabishnoi, jamii ya kidini ya huko. Swala wale ambao dume ana mgongo mweusi na pembe za kujisokota wanalisha karibu na nyumba bila hofu, kwa sababu dini yao inakataza kuwadhuru. Mwaka 1730, pale Khejarli, watu 363 waliuawa wakikumbatia miti ya khejri iliyotakiwa kukatwa kwa ajili ya jumba la mfalme. Pafikeni kwa heshima ya mahali palipomwagika damu.

Ranthambore si kama kwetu. Huingii asubuhi na sanduku la chakula ukatoka jioni. Kuna zamu mbili, kila moja takriban masaa matatu na nusu, na hifadhi imegawanywa kanda 10. Gari lako likiandikiwa kanda ya 3 haliendi ya 4, hata kama chui milia amelala upande wa pili wa barabara. Kanda 1 hadi 5 ndizo za kiini. Ya 3 ina ziwa Padam Talao. Magari ni Gypsy (jipu dogo la wazi) la watu sita au kenta la watu 20. Chukueni Gypsy, kwa sababu kenta ni refu na kuligeuza wakati mnyama amevuka nyuma ni kazi. Wekeni zamu tatu: mchana wa 18, asubuhi na mchana wa 19. Zamu moja ni bahati nasibu. Pasipoti iliyotumika kuweka nafasi ndiyo mtakayoonyesha getini, asili yake, si nakala. Kwa hiyo ratiba nzima ifungwe kwenye vibali hivi vya Ranthambore: vipatikane kwanza, treni zifuate.

MaweNaChokaa
Kuhusu kulala ndani ya ngome ya Jaisalmer: msilale ndani. Ilianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal, ina buruji 99, na hadi leo watu wanaishi humo. Kilima chake cha Trikuta ni mwamba laini wenye tabaka za udongo. Karne nyingi maji yalipandishwa kwa mikono, kidogo kidogo, na mifereji ilitosha. Yalipokuja mabomba, kisha nyumba za wageni zenye bafu kila chumba, maji yakaanza kujipenyeza chini, udongo ukalainika, na sehemu za kuta zikaporomoka. Chumba cha nje kinachotazama ngome kina faida zaidi: jioni jiwe lile la manjano linaonekana lote. Juu mnaingia mchana. Bajaji hupanda hadi uwanja wa ndani, kwa hiyo mama hatapata shida. Mahekalu ya Wajaini (waumini wa dini ya Jain) yaliyomo hayaruhusu ngozi: mkanda, pochi, viatu, vyote vinabaki nje. Nendeni asubuhi, ndio muda wa wageni.

KiboriloniJuu
Asanteni sana, mmenifungua macho. Udaipur tumeifuta. Viza ya mtandaoni inatosha? Na baridi ikoje, tubebe makoti kweli jangwani?

NjiaYaNjiro
Viza ya mtandaoni Watanzania tunapata. Tumieni tovuti inayoishia na gov.in pekee, zipo nyingi za kuiga zinazotoza mara mbili. Chapisheni kibali kwenye karatasi. Na kwa kuwa mnapita Ethiopia, kila mmoja awe na kadi ya njano ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, na India wana haki ya kumweka karantini hadi siku sita asiye nayo. Ethiopia iko kwenye orodha yao.

Makoti ndiyo. Usiku wa Jaisalmer Desemba hushuka chini ya nyuzi 10, na Gypsy la alfajiri halina kioo wala paa: ni baridi ya ukingo wa Ngorongoro mwezi Julai, tena kwa mwendo wa gari. Mchana mtabaki na shati. Soketi zao ni za pini tatu za mviringo, kwa hiyo chaja zenu za pini za bapa zinahitaji adapta. Soksi nene za ziada pia, maana hekalu la Karni Mata pale Deshnok, kilomita 30 kutoka Bikaner, mnaingia bila viatu na sakafuni wanatembea panya wanaoheshimiwa humo.